Kawia Ufike: Zenyatta na Wapenzi Wake

Kichwa cha farasi si kirefu. Nyoosha mkono wako kutoka begani hadi kwenye ncha za vidole, umeshakipata. Lakini jioni ya tarehe 6 Novemba, 2010, kwenye kiwanja cha mbio cha Churchill Downs, mjini Louisville katika jimbo la Kentucky, Marekani, urefu huo mdogo ndio uliotenganisha shangwe na kilio. Farasi dume aitwaye Blame alivuka mstari wa kwanza. Aliyemfuata, akiwa amepitwa kwa kichwa tu, ni farasi jike mkubwa wa rangi ya kahawia iliyokoza, jina lake Zenyatta. Kabla ya jioni ile alikuwa amekimbia mara 19 na kushinda mara zote 19. Hizi zilikuwa mbio zake za 20, na ndizo zilizokuwa za mwisho.

Sasa jiulize, ndugu msomaji. Sisi mambo ya ushabiki tunayajua. Tunajua mchezaji anavyogeuziwa kibao akikosa penalti siku ya fainali. Jana alibebwa mabegani, leo anaambiwa kachuja, akatafute kazi nyingine. Kama binadamu mwenzetu anafanyiwa hivyo, itakuwaje kwa mnyama ambaye watu wamemwekea pesa zao, na zikaliwa?

Kule Louisville mambo hayakwenda hivyo. Watu wazima walilia hadharani bila haya, lakini hawakumzomea. Walimshangilia yeye aliyeshindwa. Na miaka iliyofuata, alipokuwa hakimbii tena, hana cha kumshindia mtu hata senti tano, waliendelea kumfuata, kumwandikia barua na kuuliza hali yake kama mtu anavyomuulizia shangazi aliyehamia mkoani.

Kwa nini? Jibu rahisi ni kusema Wamarekani wana mapenzi ya ajabu na wanyama. Jibu hilo silikubali, maana Marekani ina farasi wengi waliosahaulika kabla jasho lao halijakauka. Nadhani siri ilikuwa katika namna alivyokimbia. Zenyatta alikuwa mchelewaji.

Mtoto wa bei ya kutupa

Alizaliwa Kentucky tarehe 1 Aprili, 2004. Naam, Siku ya Wajinga, na tangu mwanzo aliwachezea wajuzi shere. Baba yake, Street Cry, alikuwa farasi wa watawala wa Dubai na mwaka 2002 alishinda Dubai World Cup, kwa hiyo hata watu wa Ghuba wana haki ya kudai kipande cha sifa hii. Lakini Septemba 2005, Zenyatta alipopelekwa kwenye mnada wa Keeneland, mjini Lexington, ngozi yake ilikuwa na ugonjwa uliomtia mabaka. Wanunuzi wakubwa wakamtazama, wakaguna, wakapita.

Akauzwa dola 60,000. Kwa mimi na wewe hizo ni pesa za kujenga nyumba na chenji ikabaki. Kwenye soko lile, ambako mwanafarasi mmoja wa ukoo mzuri aweza kufikisha dola milioni, hiyo ni bei ya kutupa. Walionunua ni Bwana Jerry Moss na mkewe Ann. Moss hakuwa mtoto wa matajiri wa farasi; alikuwa mtu wa muziki, mmoja wa wawili walioanzisha kampuni ya rekodi ya A&M mwaka 1962. Jina la farasi wake akalichota kwenye kazi yake: mwaka 1980 bendi ya The Police ilikuwa imetoa, kupitia kampuni hiyo, albamu iitwayo Zenyatta Mondatta. Hivyo mtoto yule mwenye mabaka akapewa jina la santuri.

Akapelekwa California kwa mkufunzi John Shirreffs. Hapo ndipo ulipoanza ucheleweshaji. Farasi wa mbio kwa kawaida huanza kazi akiwa na miaka miwili. Kentucky Derby, mbio mashuhuri kupita zote Marekani, ni za wenye umri wa miaka mitatu tu, na hukimbiwa Jumamosi ya kwanza ya Mei. Ukiikosa siku hiyo umeikosa milele. Hakuna kurudia darasa. Kwa hiyo wenye farasi hukimbizana na kalenda, na wanyama wengi huumia miguu kabla mifupa haijakomaa.

Zenyatta alikuwa akikua bila kikomo. Alipokomaa alifikia takriban meta 1.77 kutoka ardhini hadi begani, yaani mtu wa kimo cha kawaida akisimama kando yake haoni upande wa pili. Shirreffs hakumharakisha. Mei 2007, wenzake wa rika moja walipokuwa wakikimbia Derby, yeye hakuwa amekimbia hata mara moja. Mbio zake za kwanza zilikuwa tarehe 22 Novemba, 2007, kwenye kiwanja cha Hollywood Park, kando ya jiji la Los Angeles. Alishinda. Wenzake walikuwa wameshapata majina, na baadhi walikuwa njiani kustaafu.

Jinsi ya kushinda ukiwa wa mwisho

Hapa inafaa tusimame kidogo tueleze ufundi wenyewe, maana bila kuujua huwezi kuelewa kwa nini watu walimzimia kiasi kile.

Kwenye mbio za farasi kuna wanaotoka getini kama risasi, wakashika uongozi na kuwaambia wenzao, haya nifuateni. Hao hawasumbuliwi na vumbi wala msongamano, ila mafuta yao huweza kuisha kabla ya mstari. Kuna wanaokaa nyuma kidogo ya viongozi, wakivizia. Na kuna wachache wanaobaki nyuma kabisa, wakitunza pumzi, kisha kwenye kona ya mwisho wakaanza kuwapita wote mmoja mmoja. Hii ya tatu ndiyo njia ya hatari. Ukikaa nyuma, kwanza unategemea walio mbele wachoke, wasipochoka, umekwisha. Pili, unapoanza kupanda, mbele yako kuna ukuta wa makalio. Lazima upate upenyo au uzunguke kwa nje, na kuzunguka ni kukimbia meta nyingi kuliko wenzako.

Zenyatta alikuwa wa aina hiyo ya tatu, tena sugu. Alitoka getini taratibu kama mtu anayekwenda sokoni asubuhi, akiwaacha wenzake waende zao. Kwa zaidi ya nusu ya mbio ungemwona peke yake kule nyuma. Mtazamaji mgeni angesema, huyu mbona kaletwa kusindikiza? Kisha mpanda farasi wake, Mike Smith, alimtoa nje, na lile dude likakunjua miguu. Hatua yake moja ilikuwa ndefu kiasi kwamba hakuonekana kama anaongeza kasi. Ilionekana kama wengine wanarudi nyuma. Mara nyingi alivuka mstari akiwa ametanguliza shingo tu, au nusu ya mwili wake, masikio yamesimama, kama mtu anayesema, kwani mlikuwa na wasiwasi?

Wasiwasi ulikuwepo, tena wa kuua! Ndiyo ladha yenyewe. Bingwa anayeongoza mwanzo mwisho humstaajabia tu. Lakini anayeanza mkiani unamsukuma kwa roho yako, unakimbia naye ukiwa umesimama, unabana kiti, unasali. Na akishinda unahisi umechangia. Mara 19 aliwapeleka watu hadi ukingoni mwa kukata tamaa, mara 19 akawarudisha. Wahenga wetu wana maneno mawili tu ya jambo hilo: kawia ufike.

Siku ya Santa Anita

Mwaka 2008 alikimbia mara saba, akashinda zote saba, zikiwemo mbio kuu za farasi jike za Breeders' Cup. Hata hivyo wakubwa walisema, sawa, lakini anawapiga majike wenzake. Jibu lake likaja tarehe 7 Novemba, 2009, kwenye kiwanja cha Santa Anita, California. Zilikuwa mbio za Breeders' Cup Classic, masafa ya meta elfu mbili na ushei, zawadi dola milioni tano. Tangu zianzishwe mwaka 1984 hakuna jike aliyewahi kuzishinda. Mle ndani alikuwamo Mine That Bird, mshindi wa Kentucky Derby ya mwaka ule, na Summer Bird, mshindi wa Belmont, na madume waliotoka Ulaya. Jumla yao 12.

Geti likafunguka. Zenyatta akatoka wa mwisho kama kawaida yake, akabaki huko. Walipofika kona ya mwisho bado alikuwa na msitu wa farasi mbele yake. Smith akapenya kwa ndani, kisha akamvuta nje palipo wazi, na kilichofuata waliokuwepo wamekisimulia hadi leo bila kuchoka. Akampita mmoja, wawili, watano. Gio Ponti, dume aliyekuwa amekwisha kushika uongozi, akapitwa karibu na mstari. Trevor Denman, mtangazaji mzaliwa wa Afrika Kusini aliyezoea kutulia kuliko mwalimu wa hesabu, sauti ilimpanda akakiri kwamba aliyoyaona hayaaminiki. Jike ameshinda kwa urefu wa farasi mmoja.

Baada ya hapo Zenyatta hakuwa tena mali ya watu wa mbio peke yao. Watu wasiowahi kushika tiketi ya kamari walianza kumfahamu. Ilijulikana kwamba kabla ya mbio anacheza: akizungushwa uwanjani hunyanyua mguu wa mbele juu, akaushusha kwa madaha, akanyanyua wa pili, kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Ilijulikana kwamba anapenda bia ya Guinness, na kwamba Shirreffs humgawia yake. Kwenye banda lake kule Hollywood Park watu waliruhusiwa kusogea, wazazi wakiwa na watoto, wakamgusa pua. Mnyama mwenye nguvu kiasi kile alisimama kimya akiachia pua yake ishikwe na mtoto wa chekechea.

Uwanjani zikazuka kofia na mabango ya rangi za mmiliki wake, buluu ya bahari na waridi. Wengi waliobeba mabango walikuwa wanawake na wasichana, ambao mbio zile zilikuwa hazijawahi kuwajali sana. Mwaka 2009 shirika la habari la Associated Press lilipopiga kura ya mwanamichezo bora wa kike, wa kwanza alikuwa Serena Williams. Wa pili? Farasi. Mwaka uliofuata jarida la Oprah Winfrey likamweka kwenye orodha yake ya wanawake wenye nguvu. Unaweza kucheka. Lakini mtu hachaguliwi alama na wengi bila sababu. Walimwona jike mkubwa kuliko inavyotakiwa, aliyechelewa kuanza, aliyenunuliwa kwa bei ya chini, anayeanza nyuma ya madume na kumaliza mbele yao. Kila mmoja aliyekuwa nyuma kwenye foleni yoyote ya maisha alijiona pale.

Wenye shaka

Historia isiwe ya kusifu tu. Walikuwepo wenye shaka, na hoja zao hazikuwa za kijinga.

Walisema Zenyatta analelewa kama yai. Mbio zake karibu zote zilikuwa California, nyingi dhidi ya majike aliowazoea, na juu ya viwanja vya mchanga wa kutengenezwa uliochanganywa na nta na nyuzi, ambao huwafaa wanaotokea nyuma. Kwenye udongo wa asili, ambao ndio kipimo cha zamani cha Marekani, alikuwa amekimbia mara mbili tu kabla ya Novemba 2010, zote katika kiwanja cha Oaklawn, jimboni Arkansas. Kweli kabisa. Mara zote mbili alishinda, na ushindi wa pili, Aprili 2010, ulimfikisha ushindi 16 mfululizo, akilingana na Citation na Cigar, majina yanayotajwa kule kwa heshima kama sisi tunavyotaja majina ya mashujaa. Lakini hoja ilibaki: mpelekeni ugenini akutane na madume kwenye udongo.

Moss angeweza kukataa. Alikuwa amekwisha kutangaza mwishoni mwa 2009 kwamba Zenyatta anastaafu, hajafungwa, rekodi safi. Angeishia hapo, leo tungesoma habari za farasi asiyejua kushindwa. Januari 2010 akabadili nia, akamrudisha kazini. Akashinda tano zaidi, kisha akampeleka Louisville.

Kule, jua lilikuwa limeshazama na taa zimewashwa. Kiwanja hakukijua. Blame alikijua kama chumba chake, alikuwa ameshinda pale zaidi ya mara moja. Geti likafunguka, na Zenyatta akabaki nyuma, si nyuma ile ya kawaida. Safari hii pengo lilikuwa kubwa mno, hadi waliokuwa wakimtazama wakadhani ameumia. Udongo uliorushwa na farasi 11 ulikuwa unampiga usoni. Kisha akaanza. Kwenye kona ya mwisho alikuwa akiwaokota mmoja baada ya mwingine, akakosa upenyo, akazungushwa nje, akaikunjua ile miguu. Blame alikuwa ameshika uongozi. Kila hatua pengo lilipungua. Hatua mbili zaidi, labda tatu.

Mstari ukafika kabla yake. Wahenga wale wale waliosema kawia ufike walisema pia: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Methali zote mbili ni za kweli, na Zenyatta alizithibitisha zote mbili kwa miguu yake.

Mike Smith alipowakabili waandishi wa habari alikuwa analia. Alisema kosa ni lake, si la farasi; kwamba akishindwa, lawama ibebwe na yeye. Mtu mzima, bingwa aliyekwisha kuingizwa kwenye jumba la mashujaa wa mchezo wake, akajitwisha mzigo mbele ya dunia ili mnyama asiye na mdomo asitwishwe. Tuna viongozi wangapi wa namna hiyo?

Kura

Kila mwaka Marekani huchagua Farasi wa Mwaka. Waandishi wa habari za mbio na wataalamu hupiga kura. Mwaka 2008 Zenyatta hakushindwa hata mara moja, tuzo ikaenda kwa Curlin. Mwaka 2009 hakushindwa hata mara moja, tuzo ikaenda kwa Rachel Alexandra, jike mwingine shupavu. Mwaka 2010 akashindwa, tena na Blame mwenyewe waliyekuwa wakigombea naye. Kwa hesabu ya kawaida mambo yalikuwa yamekwisha.

Januari 2011 kura zikahesabiwa: Zenyatta 128, Blame 102.

Kelele zikaanza. Watu wa hesabu walisema hisia zimeshinda ukweli. Kwamba walipokutana ana kwa ana Blame alitangulia, na mbio ni mbio. Siwezi kuwalaumu. Kama swali ni nani alivuka mstari kwanza tarehe 6 Novemba, jibu ni moja na halina mjadala. Lakini swali la wapiga kura lilikuwa jingine: mwaka ule ulikuwa mwaka wa nani? Ni nani aliyewafanya watu waje uwanjani na watoto wao? Matokeo tunayo kwenye vitabu vya mbio. Kumbukumbu ni kitu kingine, na kazi ya mwandishi wa historia ni kutunza vyote viwili bila kuchanganya kimoja na kingine.

Tena nasema hivi: kushindwa kule ndiko kulikomkamilisha. Farasi asiyeshindwa kamwe huwa kama sanamu, humstaajabii sana baada ya muda. Yule wa Louisville alifanya kile kile alichofanya mara 19, kwa moyo ule ule, na safari hii hakikutosha. Nani kati yetu hajafika siku ambayo bidii yote haikutosha?

Kustaafu

Tarehe 5 Desemba, 2010, aliagwa Hollywood Park. Kesho yake akapandishwa ndege hadi Lexington, kwenda kuanza maisha ya uzazi katika shamba la Lane's End. Mwaka 2012 Santa Anita wakasimamisha sanamu yake, na mbio alizozishinda mara tatu wakazipa jina lake. Mwaka 2016 akaingizwa kwenye jumba la mashujaa wa mbio, mwaka mmoja na Rachel Alexandra.

Lakini huku nyuma biashara ilikuwa na hesabu yake nyingine. Jike bingwa akistaafu anatarajiwa azae mabingwa. Mtoto wake wa kwanza, Cozmic One, alizaliwa mwaka 2012, baba yake akiwa Bernardini. Wa pili, Ziconic, mwana wa Tapit, alizaliwa tarehe 1 Aprili, 2013, siku ile ile ya kuzaliwa mama. Magazeti yakaandika, watu wakasubiri. Wote wawili walikimbia na hakuna aliyeshinda hata mbio moja. Cozmic One akafundishwa kuruka viunzi badala ya kukimbia. Binti aliyezaliwa mwaka 2014 alikufa kabla hajatimiza mwaka. Mwaka 2017 mtoto mwingine wa kiume alikufa akiwa mchanga kabisa.

Kwa watu wa soko, hiyo ni hasara. Wapo walioandika kwamba Zenyatta "ameshindwa" kama mama. Hapo, vijana wenzangu, ndipo nilipoacha kusoma habari hizi kama habari za farasi. Neno hilo tunalijua vizuri. Mwanamke aweza kuwa mwalimu, mganga, mkimbiaji, akafanya kazi yake kwa ubingwa miaka yote, halafu siku moja akakalishwa kikao na kuulizwa: watoto wako wapi? Na yote aliyofanya yakafutwa kama chaki.

Wapenzi wa Zenyatta hawakumuuliza hivyo. Watoto walipokufa, walimwandikia rambirambi, wakijua fika kwamba farasi hajui kusoma. Cozmic One alipokuwa akijifunza kuruka, walifuatilia kama mtu anayefuatilia mtihani wa mtoto wa dada yake. Hawakuwa wamempenda kwa ajili ya kile atakachowazalia. Kwa hiyo asipozalisha, hawana deni la kumdai.

Kilichobaki

Hollywood Park, mahali alipoanzia na mahali alipoagwa, ilifungwa Desemba 2013 baada ya miaka 75. Mabanda yakabomolewa, na lile banda alimoshikwa pua na watoto limo humo. Kwenye eneo lile sasa pana uwanja mkubwa wa mpira wa Kimarekani, uliofunguliwa mwaka 2020. Jerry Moss alifariki Agosti 2023. Rekodi zipo: mbio 20, ushindi 19, zawadi dola 7,304,580. Ndugu yake kwa baba, Winx wa Australia, alishinda mbio 33 mfululizo kabla ya kustaafu mwaka 2019, kwa hiyo hata kama ni suala la namba tu, Zenyatta ameshapitwa.

Namba hupitwa, ndiyo kazi yake. Lakini lile suala la kuanza nyuma, la miguu kunyanyuliwa kwa madaha kabla ya kazi, la uwanja mzima kushika roho mkononi, hilo halimo kwenye kitabu cha rekodi. Limetunzwa na watu wa kawaida, makarani, walimu wa shule, akina mama wa nyumbani, waliohifadhi kofia na picha na kusimulia. Wao ndio nyaraka. Kama kuna anayesoma haya akiwa na daftari la hadithi chini ya godoro, na umri unakwenda, na wenzake wa darasa moja wameshachapishwa, basi ajue kuna mbio zinazokimbiwa hivyo pia. Si hakikisho la kushinda. Kichwa kimoja chaweza kukukosesha. Ni hakikisho tu kwamba kuwa wa mwisho kwenye kona ya kwanza si hukumu.

Namalizia na ile siku ya Desemba 6, 2010. Kabla ya kupelekwa shambani, Zenyatta alipitishwa kwanza pale Keeneland, kwenye eneo lile lile la mnada alikouzwa akiwa na mabaka. Ilikuwa baridi kali ya Kentucky. Hakukuwa na mbio siku hiyo, wala tiketi, wala zawadi, wala pesa ya kushinda au kuliwa. Alikuja tu kuzungushwa kidogo, kwa kamba, halafu aende zake. Watu walijipanga wakisubiri, makoti yamefungwa hadi shingoni, watoto wamebebwa.

Walikuwa wamekuja kumtazama farasi akitembea.